Kuzama Mita 30 na Zaidi Mtwara na Lindi: Namna ya Kuukwepa Ugonjwa wa Mgandamizo

Mzamiaji anayeshuka kwenye ukuta wa matumbawe nje ya Ghuba ya Mnazi, au upande wa bahari kuu wa Songo Songo, anatumia majedwali yaleyale ya muda wa kukaa chini na kompyuta ileile ya kuzamia ya mwenzake anayezama Misri. Tofauti iko nchi kavu. Chumba cha mgandamizo, yaani kile cha kumtibu mzamiaji aliyepatwa na ugonjwa huu wa viputo vya gesi mwilini, ambacho wazamiaji wa Tanzania wamezoea kukitegemea kiko Zanzibar. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam peke yake ni zaidi ya kilomita 550 za lami, kisha kuna bahari ya kuvuka. Na lami yenyewe si ya kuapia: Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya ziliikata barabara hiyo maeneo ya Somanga, kusini ikabaki kisiwa.

Kwa hiyo umbali wa chumba ni sehemu ya mpango wa mbizi, sawa na kina na hewa. Pale jedwali linapokuruhusu dakika 20, wewe chukua 15. Mengi yaliyo hapa chini yanatoka kwenye kanuni hiyo moja.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye cheti tayari. Cheti cha awali kinakufikisha mita 18, kinachofuata mita 30, na kozi ya kina mita 40. Kuvuka hapo ni kazi nyingine kabisa, ya mitungi kadhaa na gesi zenye heliamu, na hakuna makala inayoweza kuifundisha.

Mwilini kunatokea nini

Kila mita 10 za maji ya bahari zinaongeza baa 1 ya mgandamizo. Juu ya maji uko kwenye baa 1, mita 30 uko kwenye baa 4, mita 40 kwenye baa 5. Karibu asilimia 79 ya hewa unayovuta ni naitrojeni. Mwili hauna kazi nayo, lakini mgandamizo ukipanda inayeyuka kwenye damu, kwenye mafuta, kwenye uti wa mgongo na kwenye maungio. Damu na ubongo hujaa ndani ya dakika chache, mafuta na maungio huchukua saa nyingi, na kila kiungo hutoa kwa mwendo wake uleule wa uvivu au wa haraka. Ukipanda upesi kuliko mapafu yanavyoweza kuitoa, naitrojeni hufanya viputo palepale ilipo. Kiputo begani ni maumivu. Kiputo kwenye uti wa mgongo ni miguu iliyokufa ganzi na mkojo usiotoka.

Majedwali yalianza na John Scott Haldane, aliyechapisha yake mwaka 1908 baada ya kuwajaribu mbuzi. Kompyuta nyingi za leo zinafuata hesabu za Albert Bühlmann, zinazougawa mwili katika makundi 16 ya tishu. Yote mawili yanakadiria mwili wa wastani. Kompyuta haijui kama jana usiku ulikunywa uraka, ile pombe ya mabibo, kama uliharisha, wala kama umevuta nanga kwa mikono.

Kabla ya kuingia majini

Lala vya kutosha, kunywa maji tangu jana yake. Madafu ni mazuri, pombe hapana, hasa msimu wa korosho ambapo mabibo yako kila kona na uraka hauna bei. Mwili uliokauka una damu nzito isiyosafirisha gesi vizuri. Kipimo rahisi ni mkojo: ukiwa wa njano iliyokolea, ahirisha mbizi ya kina na uende mita 12 ukaangalie samaki.

Vaa suti inayotosha. Wakati wa kusi maji hupoa, na mtu aliyevaa fulana huhisi baridi mwishoni mwa mbizi, ambao ndio wakati mbaya kuliko wote wa kuhisi baridi. Ukiwa na joto na unafanya kazi chini, damu inabeba naitrojeni nyingi kuipeleka mwilini. Ukipoa wakati wa kupanda, mishipa inajikunja na njia ya kuitoa inakuwa nyembamba.

Angalia maji kabla ya kuangalia hewa. Kwenye bamvua, bahari ya huku hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na maji hayo yote yanapita kwenye milango ya miamba ya Mnazi kwa kasi inayomvua mtu barakoa. Anayepiga mateke dhidi ya mkondo kwenye mita 30 anapumua mara mbili, anapakia gesi zaidi, na hewa nzito ya kina hicho inamfanya abakize kaboni dayoksaidi mwilini, kichwa kikaanza kugonga. Mbizi za kina zipangwe siku za maji mafu, karibu na muda maji yanaposimama. Nahodha wa Msimbati atakuambia saa hiyo vizuri kuliko programu ya simu. Muulize, kisha linganisha na jedwali la maji.

Hesabu ya muda

Jedwali la burudani la PADI, shirika linalofundisha wazamiaji, linatoa mipaka hii ya kukaa bila kulazimika kusimama njiani, kwa hewa ya kawaida na kwa mbizi ya kwanza ya siku: mita 18 dakika 56, mita 25 dakika 29, mita 30 dakika 20, mita 35 dakika 14, mita 40 dakika 9. Muda unahesabiwa tangu unapoanza kushuka hadi unapoanza kupanda moja kwa moja. Tazama ulivyo mkali mwishoni: mita 10 za kutoka 30 kwenda 40 zinakula zaidi ya nusu ya muda wako.

Kila mzamiaji awe na kompyuta yake. Ile tabia ya wawili kutumia moja kwa kuwa "tutakuwa pamoja" haifai, kwani mita 3 za tofauti kwenye kina hicho ni dakika kadhaa za tofauti. Kompyuta iliyokwenda na mtu mbizi ya asubuhi ndiyo aendelee nayo mchana. Ukimwazima mwingine, inahesabu naitrojeni ya mtu asiye yeye. Kama inakuruhusu kuchagua viwango vya ukali (asilimia ya kikomo cha naitrojeni unachokubali kukifikia), na uko huku kusini, weka 35/75 au 40/85 badala ya kile kilichokuja nacho kiwandani kama ni kilegevu zaidi. Namba ya pili ndiyo inayoamua utafika juu ukiwa umebeba kiasi gani.

Ukipata naitroksi 32, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni hadi asilimia 32, iliyopimwa mbele ya macho yako, itumie kwenye mita 30. Mwili utapakia naitrojeni kama vile uko mita 25 kwa hewa. Wenye akili huiacha kompyuta kwenye hesabu ya hewa na kuichukua hiyo nafuu kama akiba. Ila usivuke mita 33 nayo: oksijeni inafika mgandamizo wa baa 1.4, na ukipita hapo kuna degedege, na degedege chini ya maji ni kuzama.

Hewa ya kurudia

Hapa ndipo wengi wanakosea. Mazoea ni kuanza kupanda geji ya mtungi ikifika baa 50. Kwa mita 12, sawa. Kwa mita 30, baa 50 hazitoshi kuwapandisha watu wawili kwa utulivu, na asiye na hewa hupanda kwa kasi akapita kituo chake cha kusimama kabla ya kufika juu. Visa vingi vya ugonjwa huu mzizi wake ni upungufu wa hewa. Viputo vinakuja baadaye.

Hesabu ya kiwango cha kugeuka, kwa mtungi wa alumini wa lita 11, ukichukulia mwenzako ameishiwa na mnapumua wote kutoka kwako, kila mmoja lita 25 kwa dakika kwa sababu ya hofu (lita 50 kwa pamoja):

1. Dakika 1 ya kutulizana kwenye mita 30: 50 × baa 4 = lita 200.
2. Kupanda hadi mita 5, dakika 3, wastani wa baa 2.75: 50 × 2.75 × 3 = lita 413.
3. Kituo cha dakika 3 kwenye mita 5: 50 × 1.5 × 3 = lita 225.
4. Mita 5 za mwisho, dakika 1: 50 × 1.25 = lita 63.

Jumla ni lita 901. Gawa kwa 11 unapata baa 82. Andika 85 kwenye kibao chako, na geji ikifika hapo mnapanda, hata kama papa amepita. Kwa mita 40, hesabu hiyohiyo inakuletea karibu baa 110, yaani zaidi ya nusu ya mtungi uliojaa baa 200 ni ya kurudia. Mtu mtulivu anayetumia lita 20 kwa dakika atabaki na dakika kama 15 kwenye mita 30, ndani ya dakika 20 za jedwali. Mwenye kupumua kwa pupa hata hizo hafikishi.

Kupanda

Mwendo ni mita 9 kwa dakika, usizidi. Kwa jicho ni polepole kuliko unavyodhani: sekunde 20 kwa kila mita 3. Pale penye ukuta, panda ukiutazama ukuta, maana katika maji matupu ya buluu mtu hajui kama anapanda au amesimama. Penye kamba ya nanga, ishike kwa mkono mmoja, mwingine uwe kwenye kitufe cha kutoa hewa ya jaketi la kuelea. Hewa iliyo ndani ya jaketi kwenye mita 30 inakuwa mara mbili ukifika mita 10, na usipoitoa njiani itakubeba. Anza kuitoa kabla hujahisi kuvutwa.

Kwenye mkondo hakuna kamba. Beba boya la ishara na rili yenye uzi wa mita 30 au zaidi. Lirushe ukiwa chini ya kituo, mita 12 hivi, ili nahodha aione njia yenu mapema na nyinyi mpate kitu cha kuning'inia. Usiifunge rili kwenye jaketi wakati wa kurusha. Ikikwama, inakupandisha nayo.

Simama mita 5 kwa dakika 3 kwenye kila mbizi, na ikiwa ulipita mita 30 au ulikaribia mpaka wa muda, fanya 5. Mawimbi ya kusi yakikurusha juu chini, simama mita 6. Kuna kipindi wazamiaji walifundishwa kusimama pia kina kirefu, nusu ya njia. Utafiti wa jeshi la majini la Marekani uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa ratiba zenye vituo vya kina zilileta wagonjwa wengi kuliko zile zilizotumia muda uleule karibu na juu. Ongeza dakika zako mita 5, huko ndiko zinakosaidia.

Kisha zile mita 5 za mwisho. Watu humaliza kituo, wakapiga teke moja na kutokea juu ndani ya sekunde 10. Kutoka mita 5 hadi juu mgandamizo unashuka kwa theluthi moja, hivyo chukua dakika nzima.

Ukipitiliza mpaka na kompyuta ikakuwekea kituo cha lazima, kifanye chote, kisha ongeza kadiri hewa inavyoruhusu, na usirudi majini siku hiyo. Kompyuta ikizima chini, panda kwa mwendo huohuo, simama mita 5 hadi ubakiwe na baa 30 hivi, na usizame tena kwa saa 24. Umeruka kituo ukatokea juu? Usirudi chini kukifidia. Panda mashuani, vuta oksijeni, kaa utazamwe.

Mbizi ya pili, na siku zinazofuata

Ya kina ndiyo itangulie. Kaa juu angalau saa 1, na baada ya mita 30 afadhali 2. Tunashauri mbizi moja tu ya kina kwa siku, ya pili isivuke mita 18. Baada ya siku tatu au nne mfululizo, pumzika siku moja. Tishu za polepole hazijawahi kusafishika usiku mmoja. Epuka pia kupanda na kushuka ovyo ndani ya mbizi moja, na usizame kwa pumzi kutafuta pweza baada ya mbizi ya mtungi.

Neno kwa wanaoshuka na mpira wa kompresa au mitungi kutafuta majongoo bahari. Uvuvi kwa mitungi umekatazwa na kanuni za uvuvi, na mkamataji si hatari kubwa kuliko zote hapo. Mtu anashuka mita 16 "tu", ambako mpaka ni dakika 72, anakaa saa 3, anapanda na kushuka mara kadhaa kumwaga mfuko, hana saa wala kipimo cha kina. Jioni mguu unakuwa mzito, nyumbani wanasema ni upepo mbaya au jini la bahari, anakandwa kwa mafuta ya moto. Kukanda na maji ya moto huzidisha viputo, na saa zinazopotea ndizo zinazoamua kama atatembea tena.

Ukishatoka majini

Usivute nanga, usibebe mitungi begani kuvuka ufuko maji yakiwa yamekupwa, usisukume mashua mchangani. Kubana pumzi na kukaza misuli husukuma viputo kutoka upande wa mishipa ya kurudi moyoni kwenda upande wa pili, hasa kwa wenye kitundu kati ya vyumba vya juu vya moyo, ambao ni karibu mtu 1 kati ya 4 na wengi hawajijui. Pangia watu ambao hawakuzama kazi hiyo. Mazoezi na kuoga maji ya moto sana visubiri jioni.

Ndege: saa 12 baada ya mbizi moja isiyo na kituo cha lazima, saa 18 baada ya mbizi mbili au siku kadhaa za kuzama, na zaidi ya hapo kama ulilazimika kusimama njiani. Ukitoka majini saa 9 alasiri baada ya mbizi mbili, ndege ya Dar es Salaam ya kabla ya saa 3 asubuhi si yako. Ukiweza, acha saa 24 zipite.

Jambo linalosahaulika kusini ni milima. Newala iko zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari, na mwili hauulizi kama umepandishwa na ndege au na basi. Mtu anazama Mikindani asubuhi, jioni anapanda uwanda wa Makonde kwenda msibani, usiku bega linauma. Mpe Newala masharti yaleyale ya ndege, na safari ya Songea pia. Barabara ya pwani kwenda Lindi na Kilwa haina shida hiyo.

Kuutambua

Karibu nusu ya wagonjwa huonyesha dalili ndani ya saa 1, na wengi sana ndani ya saa 6. Tafuta maumivu ya bega, kiwiko au goti yasiyobadilika ukikisogeza kiungo. Madoa ya zambarau yanayochorwa kama ramani tumboni au mapajani. Uchovu usioendana na kazi. Ganzi, sindano za miguu, kizunguzungu, kutapika, kushindwa kukojoa. Dalili inayoongoza kwa kupuuzwa ni ile ya kujitetea: "nimelala vibaya." Aliyezama mita 30 leo hajalala vibaya mpaka ithibitike.

Mpime mashuani, dakika 5 zinatosha. Muulize jina, siku na mahali alipo. Atabasamu na kutoa ulimi. Angalia kama upande mmoja umelegea. Anyooshe mikono mbele, viganja juu, macho yamefungwa, sekunde 10. Mkono unaoshuka ni dalili. Akubane vidole vyako kwa mikono yote miwili, asukume kiganja chako kwa kila mguu. Mguse pande zote mbili kuanzia usoni hadi nyayo, aseme kama anahisi sawa. Mkiwa nchi kavu, atembee hatua 10 kisigino kwa kidole. Andika saa na matokeo, rudia kila saa.

Oksijeni, halafu safari

Mpe oksijeni ya asilimia 100 mara moja, lita 15 kwa dakika, kwa barakoa yenye mfuko usiorudisha pumzi, ibanwe vizuri usoni. Usipunguze kipimo ili mtungi udumu. Kutoka ufukwe wa Ruvula hadi hospitali, kwa mashua au kwa ile njia ya mchanga ya Msimbati, panga saa 2: 15 × 120 = lita 1,800, ambazo ni mtungi wa lita 12 uliojaa baa 150. Kale kamtungi kadogo ka lita 2 ambako mashua nyingi hubeba kanakwisha kwa dakika 20.

Mlaze chali. Akiwa na fahamu na hatapiki, anywe maji kidogo kidogo. Maumivu yakiisha kwa oksijeni, bado ni mgonjwa; yanarudi. Usimshushe tena majini kumtibu.

Piga simu ya dharura ya DAN, shirika la kusaidia wazamiaji, inayopokelewa saa 24, kabla hata ya kufika hospitali. Wao watasema chumba kipi kinafanya kazi siku hiyo, na bora uwe umeshauliza hilo kabla ya msimu kuanza. Mpeleke Hospitali ya Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, ukiwa Lindi nenda Sokoine, kwa oksijeni, maji ya mishipa na maandalizi ya safari. Mweleze daktari kuwa ni mzamiaji na kwamba asipewe gesi ya naitrasi oksaidi kutuliza maumivu, maana inaingia kwenye viputo na kuvikuza. Akisafirishwa kwa ndege, iwe yenye mgandamizo wa usawa wa bahari, au iruke chini ya mita 300.

Kompyuta yake isiguswe wala kuzimwa, iende naye pamoja na karatasi ya vipimo na saa ya kila dalili. Na mwenzake aliyezama naye, hata kama anacheka na kula, asiachwe alale peke yake usiku huo: ameshuka kina kilekile, kwa muda uleule.